Kombucha ya jikoni kwangu: ni kinywaji, sio dawa, na kilevi kimo

Wale mnaoniuliza mbona siku hizi sigawi tena zile chupa zangu nyekundu, leo nawajibu wote kwa mpigo. Jibu lina aibu ndani yake, na mwenye aibu ni mimi. Nivumilieni, nitalifikia.

Kwanza kwa yule ambaye hajui ninachozungumzia. Kombucha ni chai ya sukari iliyochachuka. Basi. Ukiondoa chupa nzuri, jina la kigeni na yule dada wa kwenye tangazo anayefanya yoga ufukweni, kinachobaki ni maji, majani ya chai, sukari na vijidudu. Asili yake inatajwa kuwa ni kaskazini-mashariki mwa China, na Warusi nao wameinywa miaka mingi, wao wanaiita uyoga wa chai. Wachina wanaiita hongchajun, yaani kuvu wa chai nyekundu (hii tunayoita sisi chai ya rangi, kwao ni nyekundu). Sio uyoga hata kidogo, lakini siku ukiuona ule utando unaoelea juu yake, mzito, unateleza kama ngozi ya chura, utawasamehe waliotoa hilo jina. Hata neno kombucha lenyewe ni mkanganyiko. Kwa Kijapani kombucha ni chai ya mwani wa baharini, kitu kingine kabisa. Hadithi za wafalme wa kale wa China na kinywaji cha kuishi milele nawaachia wauzaji.

Mimi nilianza kwa ubahili. Nilikuta chupa moja ndogo kwenye friji ya supamaketi hapa Dar, bei yake ilitosha kununua kilo mbili za sukari, pakiti ya majani ya chai, na nauli ya daladala kurudi nyumbani. Nikaisoma kwa nyuma: chai, sukari, tangawizi. Nikajisemea, hivi sisi nchi inayolima chai Mufindi, Njombe na Rungwe, chai iliyoanza kupandwa na Wajerumani kule Amani, Usambara, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tuje kuuziwa chai iliyochacha kwa bei ya kuku nusu? Rafiki yangu mmoja alikuwa na huo utando. Akanimegea kipande kwenye kopo la plastiki pamoja na majimaji yake, nikapanda nacho daladala nimekikumbatia kama mtoto mchanga.

Na kweli, kuipika ni rahisi kuliko kupika maandazi. Lita mbili za maji, chemsha. Tia vijiko vinne vidogo vya majani ya chai ya kawaida, sio ile iliyotiwa mafuta ya harufu. Tia sukari kama gramu 160. Najua wengi mtashtuka, "sukari yote hiyo?", lakini sukari hiyo sio ya kwako, ni chakula cha vijidudu. Ukiipunguza sana kwa kujali afya, umewanyima kazi. Chuja, iache ipoe kabisa. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanatumbukiza utando kwenye chai ya moto, wanaupika, halafu wanalalamika. Ikishapoa unamimina kwenye mtungi wa kioo, unaongeza kombucha ya zamani kama robo lita, unauweka utando juu, unafunika na kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri na kukibana na rababendi. Nzi wadogo wa ndizi wanaipenda harufu hii kuliko sisi.

Ile robo lita ya zamani usiiache. Sio mapambo. Tindikali yake ndiyo askari wa mlangoni: inafanya chai yako iwe chachu tangu siku ya kwanza, vijidudu vibaya na ukungu wakute pamekwishakaliwa. Ukiona juu ya utando kuna manyoya ya kijani, meusi au meupe yaliyokauka, mwaga vyote, utando na majimaji. Usikwangue. Mimi nilishawahi kukwangua, nikasimama nikauangalia ule mtungi kama dakika kumi, nikamwaga.

Na mtungi uwe wa kioo. Wale wenye vyungu vizuri vya mapambo vyenye rangi ya kung'aa, viacheni vikae sebuleni. Mwaka 1998 madaktari wa Australia waliandika juu ya watu waliopata sumu ya madini ya risasi kwa sababu kombucha yao ilichachushiwa kwenye chungu cha kauri. Tindikali iliyayeyusha madini ya kwenye rangi, wakayanywa.

Vitabu vya Wazungu vinasema subiri siku saba mpaka kumi, wengine hadi kumi na nne. Hao wanaishi kwenye baridi. Kwa joto la Dar mwezi wa pili, siku ya tano ulimi wangu unaniambia tayari, siku ya nane imeshaanza kuwa siki. Kama unaweza kupata karatasi za kupimia pH, nunua. Tindikali ishuke chini ya 4.2, ila isiende chini ya 2.5. Baada ya hapo unatoa utando na robo lita yako ya mbegu, unaanza mtungi mwingine. Utando unazaa. Ndani ya miezi miwili nilikuwa na matano, nikawa nawasumbua watu kazini kama dalali wa viwanja.

Sasa tufike kwenye ladha, maana hapo ndipo utamu ulipo na ndipo nilipojikwaa.

Kombucha tupu ni kama soda iliyokutana na siki. Ukitaka iwe kitu cha kumpa mgeni unaimimina kwenye chupa imara za mfuniko wa kubana, unaongeza matunda au viungo, unaziba, unaiacha siku moja mpaka tatu nje ya friji. Nimejaribu nanasi na mchaichai. Nimejaribu pasheni, hiyo inatoa povu kama ina ugomvi na mtu. Ukwaju na iliki ilinishinda, nadhani ni uchachu juu ya uchachu. Mshindi wangu ni rozela (wengine mnaiita choya) pamoja na tangawizi mbichi iliyokwanguliwa na kijiko kimoja cha sukari. Rangi yake nyekundu ya damu ya mzee, kifuani inashuka na moto kidogo, mapovu yanapanda yenyewe. Sijifagilii, ila hata wasiopenda vitu vyangu walikuwa wanarudi na glasi.

Basi Ramadhani ikaingia. Mbele yangu, mlango kwa mlango, anakaa mama mmoja mtu mzima, mtu wa Tanga, ambaye tangu nihamie hapa ananiita mwanangu na hajawahi kunipita na sahani ya futari. Mimi sifungi, lakini tambi zake nazifahamu. Nikaona mwaka huu na mimi nirudishe mkono. Nikampelekea chupa mbili za rozela na tangawizi, za baridi, zinatoka jasho.

"Shikamoo mama. Nimekuletea kitu cha kufungulia."

"Marahaba mwanangu. Nini hii?"

"Ni chai mama, imechachushwa kidogo na rozela."

Akaiinua kwenye mwanga, akayaona mapovu. Akauliza swali moja tu, la mtu mwenye akili: "Haina ulevi hii?"

Nikasema hapana. Bila kusita. "Hapana mama, ni chai tu." Kwa sababu ndivyo nilivyosoma. Kila ukurasa niliopita kwenye mtandao uliniambia kombucha ni kinywaji kisicho na kilevi. Wakainywa siku ile, yeye na binti yake na wajukuu wawili. Kesho yake mjukuu akaja kubisha hodi na chupa tupu anataka nyingine. Nikampa. Nilifurahi kweli.

Wiki ya tatu ya mfungo chupa moja ikapasuka jikoni saa tisa usiku. Sio kufunguka mfuniko, kupasuka. Vioo vilifika mpaka juu ya kabati, ukuta mwekundu kama kumechinjwa. Nashukuru Mungu hakuna aliyekuwa amesimama pale. Nilipomaliza kudeki sikupata usingizi tena, nikakaa kutafuta kwa nini. Sikutafuta tena mapishi. Nilitafuta kazi inavyofanyika ndani ya chupa, jambo ambalo mtu wa habari alipaswa kulifanya kabla ya kugawa kitu kwa wajukuu wa watu.

Kumbe hivi. Ndani ya ule mtungi kuna makundi mawili. Kuna hamira, zinaikata sukari na kutoa gesi na kilevi. Kuna bakteria wa siki, wanachukua kile kilevi na kukigeuza kuwa tindikali, na hao ndio wanaosuka utando. Kwenye mtungi wa wazi makundi haya yanakwenda pamoja: moja linatengeneza, jingine linakula. Lakini bakteria wa siki wanahitaji hewa. Siku unapoimimina kwenye chupa na kuziba, umewakaba koo. Hamira hazijali, zinaendelea na kazi bila hewa. Na wewe kwa mkono wako umeziongezea nanasi, pasheni na kijiko cha sukari! Kwa hiyo gesi inapanda, na kilevi kinapanda pamoja nayo. Yale mapovu niliyokuwa naringia ni alama ya kwamba hamira zinafanya kazi, na kazi yao ni hiyo niliyomwambia mama haimo.

Ni kiasi gani? Kwa jikoni kwangu siwezi kusema, na hapo ndipo tatizo lilipo. Vile vipimo vya vioo vya watengeneza bia havitoi jibu la kuaminika kwa kombucha kwa sababu tindikali inavuruga hesabu. Ila tunajua kwa wanaouza. Marekani mpaka wa kinywaji kisicho cha kilevi ni asilimia 0.5. Mwaka 2010 maduka ya Whole Foods yaliondoa kombucha kwenye rafu zao baada ya kuonekana baadhi ya chupa zinavuka hapo. Kule British Columbia, Kanada, ripoti ya mwaka 2020 ya taasisi yao ya kudhibiti magonjwa ilipima sampuli zaidi ya 600, na karibu theluthi moja zilizidi asilimia 1. Hao ni watu wenye viwanda, mashine na friji kubwa. Mimi nina meza, joto la Dar na chupa zilizowahi kuwa za siki.

Asilimia 1 haimleweshi mtu, najua. Kuna atakayesema hata ndizi iliyoiva sana ina chembe. Sawa. Lakini mama hakuniuliza kama itamlewesha. Aliniuliza kama imo. Na anayeuliza hivyo anaweza kuwa mfungaji, anaweza kuwa mjamzito, anaweza kuwa mtu aliyeacha pombe kwa taabu na ana miaka mitatu hajaigusa, anaweza kuwa mtoto ambaye hata hajui kuuliza. Wa kuamua kama kidogo ni sawa ni yeye, sio mimi mwenye chupa.

Hili la kilevi ndilo lililonifungua macho kwenye lile la pili, maana vyote nilivyokuwa navisema nilivitoa kisima kimoja. Fungua simu yako leo, angalia wanaouza kombucha za nyumbani. Inatibu kisukari. Inasafisha figo. Inaondoa sumu mwilini. Inaua kansa. Inapunguza kitambi (hii ndiyo inayouza). Na mimi nilikuwa naimba wimbo huo huo kwa sauti ya chini, "inasaidia tumbo", "inaongeza kinga", huku nikiwa na kitambulisho cha uandishi shingoni.

Mwaka 2003 Edzard Ernst, profesa aliyefanya kazi Uingereza ya kuchunguza tiba mbadala, alitafuta kila utafiti wa kombucha uliofanywa kwa wagonjwa. Hakupata hata mmoja. Alichopata ni taarifa za watu waliodhurika. Miaka ishirini baadaye, 2023, ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani wa watu wenye kisukari aina ya pili, wakanywa kombucha wiki nne, na sukari yao ya asubuhi ikaonekana kushuka. Ni habari nzuri na ninaitakia heri. Lakini walikuwa watu 12. Kumi na wawili, hawajazi hata Hiace ya Mbagala! Watafiti wenyewe waliuita wa majaribio. Ukiufikisha kwenye lebo ya chupa ukiwa umegeuka "imethibitishwa kutibu kisukari", umemdanganya mtu ambaye pengine ataacha vidonge vyake.

Na hatuwezi kusema hatujui hali hiyo inavyokuwa. Mwaka 2011 nchi hii ilihamia Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe sh. 500. Kisukari, kansa, ukimwi, vyote kikombe kimoja. Mimi nilikuwa bado shule, nakumbuka picha za foleni ya magari isiyo na mwisho, na nakumbuka wapo waliofia kwenye foleni hiyo. Sina ugomvi na marehemu mzee yule. Ninachokikumbuka ni jinsi swali la "ushahidi uko wapi" lilivyomezwa na kelele, na lilikuwa swali letu sisi wa habari.

Mbaya zaidi, kombucha ina rekodi yake kwenye upande ule mwingine. Mwaka 1995 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliripoti wanawake wawili wa Iowa walioanguka ghafla damu yao ikiwa imejaa tindikali, mmoja akafariki. Wote walikuwa wanakunywa kombucha ya nyumbani kila siku. Haikuthibitishwa kwamba ndiyo iliyosababisha, na watu wengi waliokunywa kutoka mbegu hiyo hiyo hawakuumwa. Nalisema hivyo hivyo lilivyo. CDC nao waliandika kwamba kwa mtu mzima mwenye afya kiasi cha nusu glasi hivi kwa siku huenda hakina madhara. Mwenye figo mbovu, mwenye kinga dhaifu, mjamzito na mtoto mdogo, mimi simpi ya kwangu tena hata akiniomba kwa machozi.

Kinachonichekesha ni kwamba bibi yangu, mtu wa Songea, asingehitaji profesa yeyote. Alikuwa anapika togwa: uji wa mahindi, unga wa kimea cha ulezi, usiku mmoja pembeni ya jiko. Togwa ya asubuhi tulipewa watoto. Togwa iliyolala siku ya pili haikuja kwetu, ilikwenda kwa babu, na babu alikuwa anaimba jioni. Hakuna aliyehitaji lebo. Kijiji kizima kilijua kitu kitamu kikiachwa kinaelekea wapi. Na kama mnataka sayansi, togwa ndiyo inayo: mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, watoto wadogo waliolishwa togwa walionekana na bakteria wachache wa kuharisha kuliko waliokula uji usiochachuka. Lakini togwa haina yoga ufukweni, kwa hiyo nani ataiweka kwenye friji ya supamaketi kwa bei ile?

Sijaacha kupika. Mtungi upo hapa nyuma yangu, siku yake ya nne. Chupa sizijazi mpaka juu, sizizibi nje ya friji zaidi ya siku moja, kila siku nazifungua kidogo zipumue, zikiingia kwenye friji hazitoki tena mpaka kunywewa. Kila chupa ina kipande cha karatasi: tarehe, kilichomo, na maneno "ina kilevi kidogo, sijui kiasi". Watu wanalisoma hilo la mwisho wanacheka, halafu wanaamua. Wawili wameirudisha mezani, mmoja ni rafiki ambaye nimekaa naye ofisi moja miaka minne na sikuwahi kujua aliacha pombe.

Kwa mama nilikwenda siku ya tatu baada ya Idi. Nilitaka kuahirisha, nikajiambia kwani nani atajua? Nikaenda. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote: mapovu, hamira, chupa iliyopasuka, na kwamba siku ile nilimjibu kitu nisichokijua. Alinyamaza muda. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Ulijua?"

"Sikujua mama. Lakini nilisema kama najua."

"Aliyekunywa hajui, Mungu anamjua," akasema. "Ila wewe mwanangu, siku ile ungesema sijui, mimi ningeiweka pembeni tu. Isingekuwa kitu."

Nikasema nisamehe. Akasema yameisha, lakini hakunitazama, na wiki nzima sahani haikuja. Sikushangaa.

Juzi jioni nikasikia hodi. Ni yeye, ameshika zile chupa zangu mbili, zimeoshwa zinang'aa. Akaniuliza kama ile chai yangu nikiiacha isiyozibwa, nisitie tunda wala nini, mwisho wake inakuwaje. Nikamwambia inazidi kuchacha mpaka inakuwa siki kali.

"Basi iache iwe siki," akasema. "Siki kwetu haina neno. Nitaitia kwenye kachumbari."

Nimetenga mtungi wake kwenye kona ya jiko, una kitambaa cha buluu. Leo una wiki ya pili, nimeonja, bado una utamu kwa mbali. Nimempelekea ujumbe kwamba asubiri.